Karafuu Haijawahi Kuniangusha

Alhamisi hiyo asubuhi Iteka alikuwa hajavua hata koti, theluji bado inamtiririka kwenye viatu, aliposikia Mama Nurjehan akimwita kutoka sebuleni kwa sauti ya mtu aliyefumba mdomo nusu.

"Iteka! Achana na viatu. Niletee kopo la karafuu."

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, marahaba. Karafuu kwanza, salamu baadaye. Jino linanitoa roho."

Iteka alivua viatu hata hivyo, maana zulia lilikuwa jeupe na msuguaji wake alikuwa yeye, kisha akaingia jikoni. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na miwili, na huo ulikuwa mwezi wake wa nane akimtunza mama huyu wa miaka sabini na sita, ghorofa ya kumi na nne, katika mji wa Mississauga, ughaibuni. Kila siku alitoka Malton kwa shangazi yake, akapanda mabasi mawili, akafika kabla ya saa mbili. Alipika, alifua, alimwogesha mama, akaondoka jioni Zaheer, mtoto wa mama, akisharudi kazini. Walielewana tangu siku ya kwanza kwa sababu ya Kiswahili. Mama Nurjehan alizaliwa Tabora, baba yake akiuza vitambaa. Iteka ni Mrundi, lakini alikulia kambini huko Kasulu, akasoma mpaka darasa la sita, basi. "Wewe wa Kigoma, mimi wa Tabora," mama alimwambia siku ile. "Sisi ni abiria wa treni moja."

Shule Iteka hakupata nyingi, ila macho alipewa. Alikuwa mtu wa kukaa kimya na kuangalia, mpaka shangazi yake Prudence akamtania kwamba hata maji yakichemka yeye huyahesabu mapovu.

Juu ya jiko kulikuwa na rafu moja ndefu, na juu ya rafu makopo ya biskuti ya zamani, rangi zimechubuka, kila moja na kipande cha plasta kilichoandikwa kwa kalamu. Karafuu. Manjano. Mbegu za ajwani. Tangawizi kavu. Magadi. Chumvi nyeusi. Pembeni chupa ya siki na chupa ya mafuta ya nyonyo. Hiyo ndiyo ilikuwa hospitali ya mama, na ndiyo ilikuwa karakana yake. Sinki likiziba, magadi na siki, kisha birika la maji ya moto, na maji yanashuka yenyewe. Chai ikimwagika kwenye zulia, chumvi. Siku Iteka alipojikata kidole na kisu cha nyama, mama alikikandika manjano, na damu ikakatika kabla Iteka hajamaliza kulia. Kikohozi kilichomsumbua wiki tatu kiliondoka kwa maziwa ya manjano na pilipili manga, usiku mbili tu.

"Watu wa nchi hii wakipata shida wanashika simu," mama alipenda kusema. "Sisi tunafungua kopo."

Na simu ilikuwa na kisa chake. Mwezi wa kumi na moja uliopita, mama alikuwa amekula bajia za dengu, kisha akashika kifua akajikunja kama jongoo. Iteka alipagawa, akapiga namba ya dharura. Wakaja watu watatu na mabuti yao, wakambeba mama na kitanda, ving'ora barabara nzima. Walikaa hospitali saa saba. Daktari akasema ni gesi.

Ni gesi! Jumapili haikufika, jirani yao Khatoon alikwisha kuitangaza habari jamatkhana zima, nyumba yao ya ibada: Nurjehan kabebwa kwa ving'ora kwa ajili ya bajia. Mama hakutoka nje wiki mbili. Baya zaidi, tangu siku hiyo Zaheer alianza kuacha vijarida juu ya meza, vya karatasi ya kung'aa, picha za wazee weupe wakicheza karata katika nyumba ya kutunzia wazee. Mama alivitupa kwenye taka, naye akaleta vingine.

Ndipo mama alipomshika Iteka mkono, akamwapisha. "Hutashika simu ile tena mpaka niseme mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu. Wakinichukua mara ya pili, Zaheer hatanirudisha hapa. Apa kwa mama yako."

Mama yake Iteka alikuwa amelala kaburini Kasulu. Iteka akaapa.

Naye shangazi Prudence alipoisikia habari ile, alimwongezea la kwake: "Mtoto wa kaka yangu, karatasi zako za ukimbizi bado zinamsubiri hakimu. Mambo ya ving'ora na askari uyakimbie kama ukoma."

Basi Alhamisi hiyo, saa mbili na dakika kumi, Iteka alitwanga karafuu tatu, akazidondoshea mafuta, akachovya pamba. Mama aliipokea mwenyewe, akaitia mdomoni kushoto, chini, mwisho kabisa, akafumba macho.

"Limeanza lini, Mama?"

"Alfajiri, wakati wa ibada. Kwanza lilinyonga, likaacha. Likanyonga tena." Akasogeza pamba kwa ulimi. "Usiogope. Karafuu haijawahi kuniangusha. Marehemu Bahadur, mume wangu, alisafiri kwa treni toka Dar mpaka Mwanza na jino bovu, karafuu mbili mdomoni. Safari nzima hakusema neno. Mimi nikaona raha, nikamwongezea ya tatu."

Iteka akacheka. Mama akacheka pia, kisha akaacha ghafla, kama mtu aliyekumbuka jambo.

Saa tatu alikataa chapati. Alisema jino likiuma, tumbo hufunga mlango. Hilo Iteka alilikubali, maana nani hutafuna na jino bovu? Lakini na chai pia aliikataa, na tangu Iteka amjue, mama huyu hakuwahi kukataa chai, hata siku aliyopata habari za msiba wa dada yake.

Saa tatu na nusu Iteka alipita na kapu la nguo akaona paji la uso la mama linametameta.

"Mama, unatoka jasho."

"Zaheer kaweka joto la tanuri humu ndani. Anataka kunibanika."

Iteka akaenda ukutani kuangalia kisanduku cha hita. Ishirini na mbili, kama jana na juzi. Dirishani theluji ilikuwa inaanguka pole pole. Alirudi na taulo, akamfuta mama uso, na pale vidole vyake vilipogusa ngozi alishtuka. Lilikuwa jasho la baridi, kama la chupa iliyotoka sasa hivi kwenye friji.

Saa nne kasoro, kichefuchefu. "Tangawizi," mama aliamuru. Iteka akachemsha tangawizi. Mama alipiga mafunda mawili, akayarudisha kwenye bakuli.

"Ajwani basi, na chumvi nyeusi. Hii ni hewa imepanda."

Iteka akafungua ajwani, akafungua chumvi nyeusi.

Saa nne na robo mkono wa kushoto ukawa mzito. Mama alisema ameulalia vibaya. Iteka akapasha moto mafuta ya nyonyo na kitunguu saumu, akapiga magoti, akaukanda mkono kuanzia kiganjani mpaka begani. Siku nyingine mama angesema *hapo hapo, binti, bonyeza*, angeguna kwa raha. Siku hiyo alikaa tu anaangalia televisheni iliyozimwa. Iteka alikanda huku moyoni mwake kuna kitu kinatambaa, asichokijua jina.

"Na mgongo," mama alisema. "Hapa katikati. Niwekee chupa ya maji ya moto."

Alipokwenda kuijaza chupa, Iteka alisimama jikoni akaitazama meza. Karafuu wazi. Tangawizi wazi. Ajwani, chumvi nyeusi, kitunguu saumu kimemenywa, chupa ya nyonyo haina kifuniko. Tangu aanze kazi hakuwahi kuona zaidi ya makopo mawili yakifunguliwa kwa siku moja. Kopo moja lilitosha siku zote, ndiyo sifa yake. Leo kila moja lilifunguliwa likashindwa, likafunguliwa la pili, na mama hakuwa amelalamika wala kushangaa. Alikuwa anaita majina ya makopo kama mtu anayegonga milango ya majirani usiku wa moto, hakuna anayefungua.

Akarudi na chupa. "Mama, nimpigie kaka Zaheer?"

"Umpigie umwambie nini? Mama yako ana jino? Aje na kijarida kingine?"

"Nimwambie tu."

"Iteka." Mama alimtazama. "Uliapa."

"Niliapa juu ya namba ile, Mama. Sikuapa juu ya kaka Zaheer."

"Haya, sasa umekuwa wakili. Kaa chini. Mtu akiumwa jino haitwi mtu."

Akakaa. Alikaa kwenye kiti cha mbele ya mama, mikono mapajani, akaangalia. Kifua cha mama kilipanda kifupi, kikashuka kifupi. Midomo ilikuwa na rangi ambayo Iteka hakuipenda. Kwao walisema mficha maradhi, kifo humuumbua, lakini mama alikuwa haonekani kuficha. Alikuwa ameamini.

Saa tano na dakika chache maumivu yalipanda tena, na safari hii mama alitoa sauti. Akataka pamba mpya. Kisha akasema, "Na uniletee meno yangu. Leo jioni ni Alhamisi, Zaheer atanipeleka jamatkhana. Nikae nayo mapema yazoee. Khatoon asije akanikuta na mdomo kama pochi tupu."

Meno ya bandia yalikuwa bafuni, kwenye glasi ya maji. Iteka aliyatoa, akafungua bomba, akaanza kuyapiga mswaki kama alivyofanya kila asubuhi kwa miezi minane. Yale ya juu ni ubao mzima. Ya chini yana pengo upande mmoja, kwa sababu mama alibakiwa na meno yake mawili tu, nayo yanaingia pale. Mikono yake ilijua kazi hiyo hata bila macho.

Lakini macho yalikuwepo. Na macho yakaona.

Pengo lilikuwa kulia.

Iteka aliugeuza ubao ule wa chini, akauweka mbele ya kinywa chake mwenyewe kwenye kioo, ili asijichanganye mkono wa kulia na wa kushoto. Akaugeuza tena. Meno mawili ya mama, yale ya Mungu, yako kulia. Kushoto yote ni plastiki, kuanzia la kwanza mpaka la mwisho. Na pamba ya karafuu mama aliiweka kushoto. Chini. Mwisho kabisa.

Maji ya bomba yaliendelea kumwagika.

Alitoka na meno mkononi, yanadondosha maji kwenye zulia jeupe. "Mama, jino gani linauma?"

"Hili hapa." Mama aligusa shavu.

"Huna jino hapo."

"Nini?"

"Upande huo huna jino, Mama. Ninayasafisha kila siku."

Mama akacheka kidogo, kicheko kilichokosa pumzi. "Basi ni ufizi. Lile la huku alining'oa daktari mmoja Dar, kabla hatujaja. Labda lilibakiza mzizi."

"Fungua mdomo."

"Umekuwa daktari sasa?"

"Fungua, Mama, nakuomba."

Akafungua. Iteka akatoa pamba, akaingiza kidole, akabonyeza ufizi. Ulikuwa mgumu, mzima, umepoa. "Hapa panauma?"

Mama akatikisa kichwa.

"Hapa?"

"Hapana. Ndani zaidi. Chini."

Iteka akatoa kidole, akabonyeza taya kwa nje. "Hapa?"

"Chini."

Shingo. "Hapa?"

"Inapita hapo. Inatoka chini."

Kidole kikashuka mpaka mfupa wa bega, na hapo mama akamkamata mkono ghafla, kwa nguvu ambayo Iteka hakujua kwamba anayo, ili usishuke tena.

Walitazamana. Iteka hakujua ugonjwa ule unaitwaje. Kambini aliona watu wakifa kwa malaria na kwa kuhara na kwa kuzaa, hakuona mtu akifa kwa jino. Alichojua ni kwamba hayo maumivu hayakai pale yanapolilia, na karafuu ilikuwa inabembeleza shavu tupu tangu saa mbili asubuhi. Mkono wake mwenyewe ndio uliokuwa unaizidisha.

Alimpigia Zaheer. Simu iliita, ikaita, ikaingia ile sauti ya kurekodiwa. Akapiga tena, sauti ile ile. Akampigia Almina, mke wa Zaheer, benki anakofanya kazi. Almina alizaliwa huku huku. Kiswahili hakijui, na Kiingereza chake ni cha haraka.

"Jino?" Almina alisema. "Iteka, niko na mteja. Mpe kidonge cha maumivu. Kesho nitamtafutia daktari wa meno."

"Hana jino, dada. Na jasho. Na mkono."

"Ni kama ile ya Novemba? Mama huyu na gesi zake! Tafadhali, si leo. Zaheer yuko kwenye mkutano mkubwa. Nitampigia akitoka."

Simu ikakatwa. Iteka alibaki ameishika kwenye ukumbi mdogo ule, kati ya viatu na makoti. Akafikiri habari ya Novemba. Akafikiri daktari akisema gesi kwa mara ya pili, na Zaheer akimtazama, na kesho kutwa kitanda cha mama kimevuliwa mashuka, yuko na wazee weupe wanacheza karata, hana mtu wa kusema naye neno la Tabora. Akafikiri hakimu na karatasi, na askari wakiuliza nani alikuwa na mgonjwa, nani alimpa nini. Akafikiri kaburi la Kasulu.

Akachungulia sebuleni. Uso wa mama ulikuwa umekuwa kijivu, kama jivu la kuni zilizonyeshewa.

Akarudi akasimama mahali ambapo mama anamwona, maana hakutaka kuvunja kiapo kwa siri. "Nisamehe, Mama."

"Uliapa," mama alisema. Sauti ilikuwa ndogo.

"Niliapa."

Akabonyeza ile namba.

Mwanamke aliyepokea alisema upesi upesi. Kiingereza cha Iteka kilikuwa cha dukani na cha kwenye basi. Aliomba Kiswahili, akaambiwa asubiri kidogo, watatafuta mkalimani, na kile kidogo akaona ni kirefu mno. Akajitupa na maneno aliyonayo. "Mwanamke mzee. Sabini na sita. Jino linauma sana. Hana jino."

"Umesema jino?"

"Jino linauma. Jino hakuna!"

Sauti ile ikabadilika, ikawa ya upole na makini. Je, anatoka jasho? Ndiyo, saa tatu na nusu, baridi. Je, anatapika? Saa nne kasoro. Mkono? Wa kushoto, saa nne na robo. Mgongo? Ndiyo, katikati. Anapumua vizuri? Hapana, kwa kifupi. Iteka alijibu bila kufikiri. Kila alichoulizwa kilikuwa tayari kimejibiwa pale mezani jikoni, kopo kwa kopo, na hakuna aliyekisoma.

"Kuna aspirini nyumbani?"

"Hakuna. Mama hapendi vidonge."

Rafu nzima imejaa, na kilichotakiwa ni kidonge kimoja ambacho hakimo. Akaambiwa afungue mlango, amkalishe mama vizuri, asimpe kitu kingine chochote kwa mdomo. Asikate simu.

Akafungua mlango ukabaki wazi. Baridi ya korido ikaingia na harufu ya mapishi ya watu wengine. Lifti ilisikika inapanda, ikasimama ghorofa nyingine, ikashuka. Ikapanda tena. Iteka alipiga magoti mbele ya mama, simu sikioni, meno ya bandia bado yamo kwenye kiganja kingine, hajui ayaweke wapi.

"Wakija," mama alisema, macho nusu, "waambie ni jino."

"Nitawaambia."

"Usiwaambie... mkono."

"Mama, usilale. Nisimulie. Tabora, duka la baba yako lilikuwa na milango mingapi?"

"Miwili."

"Ya rangi gani?"

Mama hakujibu. Kichwa kilimwinama upande. Iteka alipaza sauti, akaita Mama, Mama, kisha akaita kwa Kirundi, lugha ambayo hakuwahi kuitumia ndani ya nyumba ile. Kope zikacheza.

Walikuja wawili, mwanamke na mwanamume, mabuti kwenye zulia jeupe. Wakamfungua mama vifungo, wakambandika waya kifuani, na mashine ikatema utepe wa karatasi. Mwanamke akausoma, akamtazama mwenzake. Iteka aliiona mikono yao ikiongeza mwendo kwa wakati mmoja. Novemba hawakuharakisha.

Hospitali, milango miwili ilifunguka, ikameza kitanda, ikafunga. Iteka alikaa kwenye kiti cha plastiki kwa zaidi ya saa mbili. Alikuwa anahesabu. Siyo karafuu iliyomwumiza mama, alijiambia, karafuu haina kosa. Lakini kwa sababu yake mama alikaa nyumbani. Kila kopo lilinunua nusu saa, na kila kopo lilifunguliwa kwa vidole hivi. Akavinusa. Vilinuka karafuu bado.

Zaheer alifika akiwa na koti mkononi, tai imepinda. Alitoka Tabora mtoto wa miaka minne, na Kiswahili chake kilikuwa cha utotoni, hukitumia na mama yake tu. Alipomkuta Iteka, ndicho kilichomtoka.

"Mama yuko wapi? Mama iko wapi?"

Kabla hajajibiwa, daktari alitoka, mwanamke mfupi mwenye miwani. Alisema mshipa mmoja wa moyo uliziba, wameuzibua. Yuko hai. Sehemu ya moyo imeumia na haitarudi kama zamani, siku mbili hizi ni za kuangalia sana. Alisema kwa wanawake wazee moyo mara nyingine haulii kifuani, hulia tayani au mgongoni, na watu hudhani ni jino. Kisha akauliza mgonjwa alipewa nini na saa ngapi.

Iteka akataja yote. Karafuu saa mbili na dakika kumi, tena saa tano. Tangawizi. Ajwani na chumvi nyeusi. Mafuta mkononi, nje tu. Chupa ya moto mgongoni. Hakuficha hata kimoja. Zaheer alitafsiri palipomshinda, na jinsi alivyokuwa anatafsiri uso ulikuwa unambadilika.

Daktari alipoondoka, Zaheer alisema, "Toka saa mbili. Ulipiga saa ngapi?"

"Saa tano na dakika ishirini, kaka."

"Masaa matatu, Iteka."

"Ndiyo, kaka."

"Na mimi sikupokea." Akajifuta uso kwa kiganja. "Sijui nikushukuru, sijui nikugombeze."

"Hata mimi sijui."

Akakaa kiti cha pembeni. Wakasubiri pamoja mpaka jioni walipoitwa.

Mama Nurjehan alionekana mdogo kitandani, kama nguo iliyoanikwa. Waya zilitoka shingoni mwa shati la hospitali, na juu ya kichwa chake mstari wa kijani ulikuwa unaruka, unaruka. Nesi alimwonyesha Iteka kitufe chekundu kwenye waya. Maumivu yoyote, mahali popote, bonyeza, usisubiri. Zaheer alimbusu mama yake mkononi, akatoka nje kuzungumza na Almina kwa simu.

Mama akafungua macho. "Uliapa kwa mama yako."

"Atanisamehe. Naye alikuwa mbishi hivyo hivyo."

"Khatoon kashajua?"

"Bado."

"Ya Ali. Basi usimwambie." Akapumua. "Sasa watanipeleka kule kwenye karata."

Iteka hakumdanganya kwamba hawatampeleka. Alivuta kiti mpaka magoti yakagusa kitanda, akakishika kile kitufe. Akaangalia. Mstari unaruka. Kifua kinapanda. Kila mstari ulipochelewa kidogo, au yeye alipodhani umechelewa, pumzi yake nayo ilisimama ikausubiri.

Mkono wa kushoto wa mama ukatoka chini ya blanketi, ukapanda taratibu, ukaenda shavuni.

Iteka akabonyeza.

"Wewe! Najikuna tu!"

Nesi alikuwa amekwisha kuingia, viatu vinalia sakafuni. Aliangalia mashine, akamwuliza mama kama kuna maumivu. Iteka akatafsiri. Mama akaapa kwamba hakuna, ni plasta inamwasha, na huyu msichana ni mwendawazimu. Nesi hakuondoka mara moja. Aliutazama ule mstari, na Iteka akamtazama yeye usoni akitafuta kile alichokiona asubuhi kwa wale wa mabuti, na ilimchukua muda mrefu kuamini kwamba hakipo. Mwisho nesi akamgusa Iteka begani, akasema amefanya sawa, akatoka.

"Utanibonyezea hicho hata nikipiga chafya?" mama aliuliza.

"Hata ukipiga chafya."

"Na nikikuna sikio?"

"Na sikio."

Mama akasonya, akageuza uso ukutani, akarudisha mikono yote miwili chini ya blanketi, akalivuta mpaka kidevuni. Iteka alisubiri. Halafu akanyanyua ncha ya blanketi, akalikunja mpaka kiunoni.

"Mikono nje, Mama," alisema. "Niione."